Taa Iliyokesha na Bibi Harusi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Kamachumu ambayo imenifuata kila nilikohamia. Nimelala Mwanza, nimelala Kampala, nimekaa Tabora mpaka nikazoea maji yake, na miguu yangu bado haijakubali kutulia. Lakini asubuhi hiyo sijaweza kuiacha nyuma. Nikisikia mlango wa gari unabamizwa na mtu asiye na subira, naikumbuka. Usinitazame hivyo. Najua sijawa mzee wa mkongojo na mvi zangu bado ni chache, ila nasaha hazingoji mvi, na ninyi mnaoanza kushika spana mmeniomba niseme. Basi nitasema.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, na badala ya kwenda kukaa ofisini kama baba alivyotaka, nikaingia gereji pale Bukoba, karibu na ziwa. Fundi mkuu aliitwa Ta Karoli; "Ta" kwetu Wahaya ni neno la kumheshimu mwanamume, kama "Ma" kwa mwanamke. Usidhani alikuwa mtu mnyenyekevu. Viatu vyake viling'aa kuliko magari aliyoyatengeneza, na mteja akikaa naye muda wa kunywa chai, lazima angesikia jinsi Ta Karoli alivyoendesha malori ya jeshi vitani huko Burma, kwenye matope ya kumeza ng'ombe. Sifa aliipenda kama senene wa kukaanga.

Siku hizo gari tulilijua kwa taa zake za mbele. Ndani kulikuwa giza, na mtu akidondosha kitu aliwasha kiberiti. Kisha mfanyabiashara mmoja wa kahawa akaleta gari lake jeusi, jipya, la viti vya ngozi. Ta Karoli akafungua mlango, na darini mwa gari taa ndogo ikawaka yenyewe. Hakuna aliyegusa swichi. Akafunga mlango, ikazimika. Akafungua, ikawaka. Mwanangu, nilikuwa nimesoma habari za umeme darasani, nimechora nyaya ubaoni kwa chaki, lakini nilisimama pale mdomo wazi. Gari limejuaje kwamba kuna mgeni mlangoni?

"Njoo uone mlinzi," Ta Karoli akaniambia. Akanionyesha kwenye nguzo ya mlango, upande wa bawaba, kitufe kidogo kama punje ya kahawa. "Mlango ukifungwa unakikandamiza, nacho kinakata umeme. Mlango ukifunguka kinapumua, kinatoka nje, taa inawaka. Kila mlango una chake. Taa ikikusumbua, usigombane na taa. Waulize walinzi."

Nilikibonyeza kitufe kile kwa kidole mara nyingi hata akanifukuza. Kitu kidogo kiasi kile, na gari zima linakisikiliza!

Haukupita muda, mwenye gari akaliazimisha kwa harusi. Bwana harusi alikuwa mtu wa Kagoma, na bibi harusi, Yustina, alikuwa wa Kamachumu. Ta Karoli ndiye angeendesha, nami niende kumsaidia. Tulipanda kwenda Kamachumu jioni ya kuamkia harusi ili asubuhi tuondoke mapema, maana padre wa Kagoma alikuwa na kigango kingine cha kwenda baada ya ndoa ile, na alikwisha kusema hatamsubiri mtu.

Yustina hakuwa na mama. Mama yake alifariki Yustina angali mchanga, na aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, Ma Paskazia. Bibi huyu alikuwa mjane. Alimzika mume, akawazika wanawe wote, na Yustina peke yake ndiye aliyembakia. Unajua midomo ya watu. Walisema mkono wa Ma Paskazia si mkono wa harusi. Kila unachokishika kinaondoka. Mashangazi walitaka akae jikoni, asiguse vitu vya harusi. Yustina akakataa. Akasema, "Kama bibi hatanitandikia njia, siendi." Mashangazi wakanyamaza, lakini kunyamaza si kukubali.

Kutandika ndiko kulikoleta mambo yote. Kwetu Buhaya, wewe uliyezaliwa mjini pengine hukuona, nyumba iliyomheshimu mgeni ilitandikwa nyasi laini sakafuni, zikapangwa na kulazwa upande mmoja mpaka unaona haya kukanyaga. Nyumba isiyo na nyasi ilikuwa kama mtu asiye na nguo. Sasa gari lilipofika na kusimama kati ya migomba, Ta Karoli, kwa kupenda sifa, aliwafungulia watu mlango. Taa ikawaka. Uwanja mzima ukaguna kwa pamoja.

"Nani ameiwasha?" akauliza mzee mmoja.

"Mlango, waitu," Ta Karoli akajibu kwa neno letu la heshima. "Gari linawakaribisha."

Mzee akaufunga mlango mwenyewe, akazunguka upande wa pili, akaufungua ule mwingine ghafla, kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. Taa ikawaka. Akavua kofia yake.

Ma Paskazia hakuguna wala hakucheka. Alikaribia polepole, akaingiza kichwa ndani, akaitazama taa ile, kisha akatazama sakafu. "Nyumba yenye taa yake," akasema, "na chini ni tupu hivi? Mwanangu hatakanyaga bati."

Basi sisi tulipoitwa ndani kula ndizi na kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye akachuma nyasi, akapiga magoti, akalitandika gari. Alitandika kama alivyotandika nyumbani maisha yake yote: sakafu yote, mpaka kwenye kizingiti, na pale kizingitini akazidisha, maana ndipo mguu wa mgeni unapoanzia. Kisha akausukuma mlango kwa adabu, kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Asubuhi ilikucha na ukungu. Tulipotoka tukakuta watoto wamelizunguka gari, na watu wazima wamesimama kwa mbali, wengine wamevua kofia. Msichana mmoja akatuambia kwa furaha, "Taa haikulala! Imekesha na bibi harusi!" Na kweli, kumbe wenyeji waliiona tangu jioni, wakaona ndivyo gari la heshima linavyofanya. Nani angemwamsha dereva amwambie kwamba gari lake lina adabu? Ma Paskazia, waliniambia, alikaa kibarazani akiitazama, akisema hajapata kuona kitu kilichomlinda mwanawe kwa uaminifu vile.

Mimi nilielewa mara moja. Bandu bandu huisha gogo, na taa ndogo huimaliza betri vivyo hivyo, tone kwa tone, huku kila mtu akiisifia. Lakini kabla sijamwambia Ta Karoli, vigelegele vikapigwa. Bibi harusi alikuwa anatoka.

Alitoka amefunikwa shela hadi kiunoni, analia kama inavyompasa msichana anayeaga. Kwetu, bibi harusi akishavuka kizingiti cha nyumba yao hageuki. Kurudi ndani siku hiyo ni kuirudisha ndoa. Akaongozwa hadi garini, akakanyaga nyasi za bibi yake, akaketi. Mashangazi wakaingia pembeni yake. Ta Karoli akarekebisha kola yake, akashika usukani kama mkuu wa wilaya, akavuta kitufe cha starta.

Gari likasema, nge. Likanyamaza.

Akavuta tena. Hata hiyo nge haikuja.

Na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono? Tulikuwa tumeiacha gereji, kwa sababu Ta Karoli alisema gari jipya haliendi harusini na chuma kama hicho.

Mshenga wa upande wa bwana harusi, Ta Bonifasi, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, akaanza kuzunguka gari na fimbo yake. "Haya! Tuliletewa gari au tuliletewa kabati? Jana lilikuwa linawaka kama kanisa, leo limekufa? Nani ameligusa?"

Nikasikia kutoka kwa akina mama nyuma yangu, si kwa sauti kubwa, lakini kwa sauti ya kusikika: "Si mlimwona aliyeligusa? Ule mkono."

Nilimtazama Ma Paskazia. Alikuwa amesimama karibu na mgomba, mikono ameificha ndani ya khanga, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Akasema taratibu, "Limekataa. Nimeweka mkono wangu, nalo limekataa." Na ndani ya gari kilio cha Yustina kilikuwa kimebadilika. Kile cha desturi kina mwendo wake, kinajulikana; hiki hakikuwa na mwendo.

Ta Karoli akashuka. Hakufungua boneti. Aliniita karibu akaniambia, "Taa bado ina uhai kidogo. Waulize walinzi."

Nikatazama darini. Kivulini mwa migomba taa ilikuwa bado inang'aa, nyekundu, hafifu kama kaa la mwisho jikoni, na milango yote imefungwa. Basi mlinzi mmoja alikuwa anasema mlango uko wazi. Yupi? Nikafungua mlango wa dereva, nikakibonyeza kitufe chake kwa kidole mpaka mwisho, taa ikabaki. Nikaufunga. Nikaenda wa pili, nikabonyeza, taa ikabaki. Wa tatu vivyo hivyo. Hata Ta Bonifasi alisimamisha fimbo. Nikafika mlango wa Yustina. Nikaufungua, nikaweka kidole, nikabonyeza.

Taa ikazimika.

Nikaachia, ikarudi. Nikabonyeza, ikazimika. Sikuwa nimetengeneza kitu bado, lakini kulikuwa na watu wengi, vilio na lawama, na katikati ya yote kitufe kimoja kilikuwa kinasema kweli tangu jana na hakuna aliyekiuliza. Kitufe kilikuwa kizima. Waya ulikuwa mzima. Basi mlango ndio haukuwa unakifikia. Nikainama kizingitini, na hapo nikaziona: nyasi za Ma Paskazia, zimekandamizwa zikawa mkeka mgumu, na alama ya ukingo wa mlango imejichora juu yake. Mlango ulikuwa umeshika jino la kwanza la kitasa tu. La pili haukufika. Ukiutazama kwa macho umefungwa. Kitufe peke yake ndicho kilichojua.

Nikazing'oa nyasi zile, nikainuka nazo mkononi. Nilikuwa kijana, nimepata jibu mbele ya watu, na jibu lilikuwa linaniwasha ulimi. Macho yote yalikuwa kwenye mkono wangu. Ya Ma Paskazia pia. Alizitambua nyasi zake kabla sijafungua mdomo, na uso wake ukafanya kitu ambacho sitaki kukiona tena kwa mtu yeyote.

Ta Karoli akanishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu ya mtu aliyesukuma malori. Akasema kwa Kihaya, chini chini, nisikie mimi peke yangu: "Zishushe. Usiseme neno."

Kisha akageuka, akawaambia watu kwa sauti kamili, "Tatizo limepatikana. Mlango huu haukufungwa mpaka mwisho, taa ikala betri. Mlango wa gari ni wa dereva, na dereva ni mimi. Jana nilikwenda mezani bila kuipitia milango yangu."

Halafu Ta Bonifasi akaangua kicheko kilichowashtua kuku. "Yaani! Bingwa wa Burma! Ameshinda vita, ameshindwa na mlango!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wazee walicheka, watoto walicheka, mmoja wa mashangazi ndani ya gari alicheka. Nami nilimtazama yule mtu wa viatu vya kung'aa, aliyeweza kugombana na mteja wiki nzima kwa kuambiwa breki zake zinalia, akiinamisha kichwa na kupokea yote. "Ndiyo, waitu," akasema. "Leo nimefundishwa kufunga mlango." Nilikuwa nimeistaajabia taa inayowaka yenyewe. Sikujua kwamba ningeona jambo la kustaajabisha kuliko hilo, na kwamba lingetoka kwa Ta Karoli.

Hakuishia hapo. Akamwita Ma Paskazia kwa heshima, kama anavyoitwa mwenye kazi yake. "Mama, kijana wangu amevuruga nyasi akitafuta tatizo. Njoo umtandikie mwanao upya. Ila gari lina desturi yake: hapa kizingitini linapenda pawe wazi, kama upana wa kiganja. Ndani jaza utakavyo."

Mwanamke yule akaja. Watu wakampisha. Akapiga magoti, akatandika, mwanzoni polepole, kisha kwa mwendo wake wa siku zote, maana mikono huijua kazi yake. Yustina alinyoosha mguu akaukanyaga mkono wa bibi yake kidogo, makusudi, nami niliona. Ma Paskazia alipomaliza, akapitisha kiganja kizingitini, pale palipoachwa wazi, akaupima upana wake. Hakuwa mjinga. Alipoinuka alimtazama Ta Karoli akamwambia, "Nimekuona, mwanangu."

"Mimi sijaona kitu, mama," Ta Karoli akasema. Akaufunga mlango, akausukuma kwa nyonga mpaka tukasikia jino la pili likilia: ta!

Basi tukalisukuma. Wazee walipandisha kanzu zao wakazifunga kiunoni, Ta Bonifasi akatupa fimbo akaweka bega, na bibi harusi ndani hakushuka wala hakugeuka. Bahati njema Kamachumu iko juu, na ukishafika ukingoni barabara inakuita yenyewe. Gari likaanza kuteremka, taratibu, kisha kwa haraka kuliko kanzu, Ta Karoli akaachia klachi, injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika. Nililikimbilia nikarukia ubao wa pembeni. Nyuma yetu vigelegele vilipanda, na kimoja nilikijua ni cha nani, kilikuwa kimechakaa lakini hakikukatika. Ndani ya gari Yustina alikuwa anacheka chini ya shela, jambo ambalo bibi harusi wa kwetu hafanyi, na mashangazi hawakumkemea.

Padre tulimkuta ameshafunga mkoba wake nyuma ya pikipiki. Akaufungua.

Njiani kurudi Bukoba nilimuuliza Ta Karoli, "Mbona ulidanganya?"

Nilidhani atakasirika. "Nimedanganya neno gani?" akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hapana."

"Mlango ni wa nani?"

"Wa dereva."

"Basi. Wewe uliambiwa utafute kosa, na ulilitafuta vizuri, nami nitakusifia gerejini. Lakini ulipoinuka ulikuwa umeanza kutafuta mkosaji, na hiyo kazi hukutumwa. Ungesema neno moja tu, nyasi, na bibi yule angezikwa nalo. Kila mtoto wa Yustina ambaye angeugua, wangesema ni ule mkono." Akabadilisha gia. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole utakifunga kitambaa."

Tukaenda mwendo mrefu. Kisha akaongeza, na hapo ndipo alipokuwa Ta Karoli tena, "Lakini yule Bonifasi, akileta gari lake gereji, atanijua."

Mwanangu, magari yamebadilika, na yataendelea kubadilika. Lakini mlango utabaki kuwa mlango. Taa ya ndani ikikataa kuzimika, usikimbilie kuichomoa globu ukajiona fundi. Ukiitoa umemfunga mdomo shahidi, na kosa umeliacha limekaa. Nenda mlangoni. Bonyeza kitufe kwa kidole chako, kimoja kimoja, kwa utulivu. Kikitii kidole na kisitii mlango, basi kitufe hakina hatia. Tazama kilichoingia katikati. Mara nyingi utakuta si uovu. Utakuta ni kitu mtu alikiweka kwa upendo, akakizidisha, mahali ambapo hakujua kuwa panahitaji nafasi. Hata nyumbani kwako utayakuta hayo, na kwa mkeo, na kwa mama yako.

Ukikipata, kitoe. Mweleze mhusika namna ya kuweka safari nyingine, kwa sauti anayoisikia yeye tu. Na wakikuuliza mbele ya watu ni nani aliyeharibu, kwanza jitazame: je, hakuna mlango wako katika jambo hili? Karibu kila mara upo. Sikuambii ufiche kosa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa liseme lote, mchana, watu wasikie. Jina la aliyekosa kwa sababu ya upendo, hilo ndilo uliache lipite.

Nenda, mwanangu, uifanye kazi. Mungu akupe kidole kinachosikia, na ulimi unaokaa mahali pake. Akujalie wakubwa wa kukushika mkono kabla hujanena, na siku watakapokuwa hawapo, mkono wako wenyewe ujue kujishika. Wenye nyumba zote utakazoingia wakutandikie vizuri, na utokapo usiache mtu yeyote ameinamisha kichwa kwa sababu yako. Amina.